Kopo Chini ya Mkorosho

Mgeni aulizaye njia katika Sofu, kata iliyo upande wa Kibaha Mjini katika mkoa wa Pwani, aghalabu haambiwi namba ya nyumba, ijapokuwa vibao vya anwani za makazi vimekwisha kubandikwa milangoni. Huambiwa aifuate njia ya mchanga hata afike penye mwembe uliopigwa na radi, hapo ashike kushoto, aipite mikorosho mitatu, na akikiona kichuguu kikubwa basi ajue ama amefika ama amekwisha kupita. Hiyo nayo ni ramani, na ni ramani njema, ila ina kasoro moja: hukaa kichwani mwa mwenyeji, na siku mwembe ukikatwa kwa mkaa, nusu ya mtaa hupotea pamoja nao. Watoto wetu wamezaliwa katika zama ambazo miembe inakatwa na viwanja vinapimwa, na mikononi mwa wazazi wao mna simu ambayo hujua mahali ilipo kwa kukosea hatua chache tu. Baina ya ramani ile ya kichwani na ramani hii ya simu umezuka mchezo ambao nadhani wafaa sana kwa watoto wa Sofu, na wa Kisarawe jirani zao, nao ndio niutakao kuueleza hapa.

Wenyewe waliouanza huuita jiokashingi, jina lililoungwa kwa neno la Kiyunani lenye maana ya dunia na neno la Kifaransa lenye maana ya kuficha. Kwa kuwa jina hilo ni zito kinywani mwa mtoto wa miaka saba, mimi nitauita mchezo wa vificho, na kitu chenyewe kinachofichwa nitakiita kificho. Mtu mmoja huficha kopo mahali ambapo kila mtu ana haki ya kupita, ndani yake ametia kijitabu, penseli na vikorokoro vidogo vidogo. Hupapima mahali hapo kwa simu, akaziandika tarakimu zake na kuzitangaza. Mtu mwingine, ambaye hamjui wala yamkini hatamjua maisha yake yote, huzifuata tarakimu hizo kwa miguu, akalitafuta kopo hata akaliona, akaandika jina na tarehe katika kijitabu, akatwaa kitu kimoja na kuacha kingine cha thamani ile ile au zaidi, kisha akalirudisha kopo pale pale alipolikuta. Katika kombolela mtoto hujificha mwenyewe. Humu mfichaji amekwisha kwenda zake, pengine tangu mwaka juzi, na aliyebaki mafichoni ni kopo.

Asili ya mchezo ni ya kijeshi, jambo ambalo watoto hupenda kulisikia. Serikali ya Marekani ilirusha setilaiti ya kwanza ya mfumo wa kupimia mahali utumiwao na simu hizi mwaka 1978, na kufikia mwaka 1995 mfumo mzima ulikuwa umekamilika. Lakini kwa kuchelea adui asifaidi, ishara walizopewa raia zilitiwa upotofu kwa makusudi, hata mpimaji akaweza kukosea kwa mita 100. Tarehe 1 Mei 2000 Rais Bill Clinton alitangaza kwamba upotofu ule unaondolewa, na usiku ule ule vipimo vya raia vikawa sahihi mara kadhaa kuliko jana yake. Siku mbili tu baadaye, tarehe 3 Mei, bwana mmoja aitwaye Dave Ulmer alichukua ndoo nyeusi ya plastiki, akaiacha katika pori karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akazitangaza tarakimu za mahali pale ili aone kama mtu mwingine aweza kuifikia. Ndani ya ndoo alitia kitabu cha kuandikia majina, penseli, kanda za video, vitabu, manati, na mkebe wa maharage. Mike Teague ndiye aliyekuwa wa kwanza kuifikia. Mwezi haukwisha mchezo ukapata jina, na Septemba mwaka ule Jeremy Irish akafungua daftari lake katika intaneti, ambalo leo lina vificho zaidi ya milioni 3 katika nchi nyingi za dunia.

Hata hivyo isidhaniwe kuwa tamaa ya kuficha na kufichua ilisubiri setilaiti. Mwaka 1854, katika nyika ya Dartmoor huko Uingereza, mwongoza wageni aitwaye James Perrott aliacha chupa mahali pagumu kufikika paitwapo Cranmere Pool, ili kila afikaye aache humo kadi yake. Na karibu zaidi nasi, katika mji wa Nyeri nchini Kenya, liko kaburi la Baden-Powell, mwasisi wa skauti, aliyefariki Januari 1941. Juu ya jiwe lake imechorwa duara yenye nukta katikati, alama ambayo skauti huichora njiani kumwambia mwenzake anayefuata nyayo kwamba aliyetangulia amekwenda nyumbani. Kusoma alama njiani ni elimu ambayo maskauti wetu wa Tanzania wanaifundisha mpaka leo, na mtoto aliyepita mikononi mwao atauona mchezo wa vificho kuwa ndugu yake wa baba mmoja.

Sasa niseme kidogo juu ya simu, maana hapa wazazi wengi huwa na tashwishi, wakadhani kwamba mchezo utawamalizia bando. Setilaiti za mfumo huu hazipungui 24, nazo huizunguka dunia mara mbili kwa siku katika kimo cha kilomita 20,200 hivi. Kila moja husema bila kukoma ni saa ngapi hapo ilipo, na simu yako, kama msikilizaji wa redio, haisemi neno, husikiliza tu. Kwa kulinganisha kuchelewa kwa sauti za setilaiti nne au zaidi, simu hukokotoa mahali iliposimama. Saa za setilaiti hizo sharti ziwe sahihi kupita kiasi, kwa kuwa kukosea sehemu moja ya milioni ya sekunde ni kukosea mita 300 ardhini. Kusikiliza huko hakuna malipo wala hakuhitaji bando. Kinachokula bando ni picha ya ramani, nayo yaweza kupakuliwa nyumbani kabla ya safari. Chini ya mbingu iliyo wazi simu ya kawaida hukosea kwa mita 5 hivi. Chini ya mwembe wenye kivuli kizito hukosea zaidi, kwa maana majani huzuia ishara.

Tarakimu zenyewe hazina uchawi. Kibaha iko takriban nyuzi 6 na dakika 46 kusini ya Ikweta, na nyuzi 38 na dakika 55 mashariki ya Greenwich. Kila uzi umegawanywa dakika 60, na kila dakika, kwa desturi ya wachezaji, hugawanywa mafungu elfu. Hapa watoto wa Pwani wana bahati ambayo wenzao wa Ulaya hawana: kwa kuwa tuko karibu na Ikweta, dakika moja kwenda kusini na dakika moja kwenda mashariki ni karibu sawasawa, kila moja mita 1,840 na ushei, basi fungu moja katika elfu ni kama hatua mbili za mtu mzima upande wowote utakaoelekea, bali London dakika ya kwenda mashariki imesinyaa hata imebaki mita 1,150 hivi, na mtoto wa huko hana budi kukumbuka vipimo viwili. Mwalimu wa jiografia mwenye darasa la watoto arobaini na simu moja aweza kuwatoa uwanjani, akawaambia watembee mpaka tarakimu ya mwisho ibadilike mara kumi, wakahesabu hatua; nadhani somo hilo watalikumbuka kuliko mchoro wa ubaoni.

Mwenye kutaka kuanza asianze kwa kutafuta vificho vya watu mbali, kwa sababu katika mitaa yetu aweza kufungua daftari lile la dunia akakuta ramani nyeupe, akavunjika moyo kabla ya kutoka mlangoni. Aanze kwa kuwafichia watoto wake mwenyewe. Vuli iliyopita niliwachukua watoto watatu, binti yangu na wapwa zangu wawili, mkubwa ana miaka kumi na mdogo sita, nikawaandikia tarakimu katika kipande cha karatasi, nikampa mkubwa simu. Nilikuwa nimetangulia alfajiri kuweka kopo chini ya mkorosho katika shamba la bibi mmoja jirani, nikalifunika kwa mawe. Safari haikuzidi nusu kilomita, lakini ilichukua saa nzima, kwa maana mwenye simu alikuwa akitazama kioo tu, akajikwaa mara mbili, na walipofika chini ya matawi mshale ukaanza kuzunguka kama jogoo asiyejua pa kulala. Mara ukasema kopo liko mbele, mara liko nyuma. Mkubwa akakasirika na simu. Mdogo, ambaye hakuwa na cha kutazama ila dunia yenyewe, alichutama akasema, “Mjomba, mawe hayajipangi yenyewe.” Likawa limeonekana.

Tangu siku ile nimeweka sheria, na naiona kuwa ndiyo roho ya mchezo kwa watoto: simu itumike mpaka zibaki hatua ishirini, kisha itiwe mfukoni, na tangu hapo kazi ni ya macho. Simu humfikisha mtu uani. Mlango autafute mwenyewe. Kila mtu aulizwe: wewe ungekuwa mfichaji, ungeficha wapi hapa? Mtoto ajibuye swali hilo anatazama shina, pango, ufa wa ukuta na mzizi uliojikunja kwa namna ambayo hajapata kuvitazama, na hapo ndipo hujifunza kuwa mkorosho si mti tu, bali una mahali unapotoka utomvu, mahali wanapopita sisimizi, na upande ambao mvua haiufikii.

Sisimizi nimewataja kwa sababu. Siku ile nilitia biskuti katika kopo, kwa nia njema ya mzazi, na watoto walipolifungua walikuta jeshi zima limekwisha kutangulia mezani. Kosa hili ni la zamani kama mchezo wenyewe, kwani hata ndoo ya Ulmer ilikuwa na ule mkebe wa maharage. Baadaye wachezaji wakakata shauri kwamba chakula hakiingii katika kificho, wala kitu chenye harufu kama sabuni, kwa kuwa mnyama atakipata kabla ya binadamu. Kadhalika hakiingii kiberiti, wembe, dawa wala ulevi. Viingiavyo ni vile ambavyo mtoto huviona vya thamani: gololi, shanga, kifutio, kichongeo, sarafu ya zamani, simbi kutoka pwani, kifuniko cha soda kilichopigwa kikawa kisahani. Kopo la maziwa la bati halifai, litapata kutu kabla ya Krismasi. Chombo cha plastiki cha kuwekea chakula chenye mfuniko wa kubana ni bora, na kwa kificho kidogo kijikopo cha dawa chenye kifuniko cha kusokota kinatosha kijitabu cha kukunja. Penseli, wala si kalamu ya wino, kwa maana unyevu wa Pwani huufanya wino kuwa bahari.

Liko jambo ambalo vitabu vya mchezo huu vilivyoandikwa Ulaya havilitaji, nami sina budi kulitaja. Kopo lililofichwa chini ya mti shambani mwa watu, ndani yake mna shanga, sarafu, karatasi yenye majina ya watu na tarehe, ni kitu ambacho katika Uzaramo, na katika Pwani yote, mwenye shamba akikikuta hatasema “mchezo”. Atasema amerogwa, na jina la kwanza katika karatasi ile litakuwa na kesi ya kujibu. Sicheki. Huko Uingereza kwenyewe, katika mji wa Wetherby, mwaka 2011, kificho kilichowekwa mbele ya mkahawa kilidhaniwa kuwa bomu, wataalamu wa jeshi wakaja wakakilipua. Kila jamii ina hofu yake, na mfichaji mwenye busara huijua hofu ya jirani zake. Kwa hiyo kopo na liandikwe nje, kwa herufi kubwa za Kiswahili, kwamba hiki ni kificho cha mchezo wa watoto, hakina madhara, na namba ya simu ya mzazi. Liwe chombo cha kupenyeza mwanga, ili kilichomo kionekane bila kufunguliwa. Lisifungwe kitambaa chekundu wala cheusi. Tena lisizikwe kamwe, kwa kuwa kanuni ya mchezo yenyewe yakataza kuchimba shimo.

Na ruhusa iombwe kwanza. Sisi tulikwenda kwa yule bibi jioni kabla ya siku yenyewe, watoto mbele, kwa kuwa jambo ni lao.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba wajukuu zangu, hamjambo?”

“Hatujambo. Bibi, tunaomba kuficha kopo shambani mwako.”

Alitaka kujua kopo la nini, akaelezwa, akacheka, akauliza kama na yeye aweza kutia kitu, kisha akatoa hukumu: “Ficheni. Mabibo kuleni, lakini korosho zangu zihesabiwe.” Baada ya hapo nilimpa habari mwenyekiti wa mtaa, naye akataka kuliona kopo kwa macho yake, haki ambayo sikumnyima. Mazungumzo hayo mawili yalichukua muda mwingi kuliko safari yenyewe, na sijuti. Watoto walijifunza kwamba ardhi ina mwenyewe, hata pale isipokuwa na ua.

Hatari za mchezo huu ni zile zile za pori letu, na mtoto wa Sofu huzijua kuliko mgeni, ila shauku ya kutafuta husahaulisha. Mkono usiingizwe katika shimo wala chini ya gogo kabla ya fimbo kutangulia, maana kifutu hupenda kivuli hicho hicho apendacho mfichaji. Upupu utambuliwe kwa mbali. Viatu vya kufunika mguu vivaliwe, maji yachukuliwe, na mtu mzima awepo. Kificho kisiwekwe kando ya barabara kuu ya Morogoro ambako malori hayana subira, wala karibu na reli, nguzo za umeme wa njia kuu, kambi, au ukuta wa shule, kwa kuwa watu wazima wanaozungukazunguka shule wakitazama vichaka wana maswali ya haki ya kuulizwa.

Kwa safari kubwa zaidi, upande wa Kisarawe kuna milima ya Pugu na msitu wa Kazimzumbwi, mabaki ya msitu wa kale wa pwani, ulio chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Humo mtu asiache kopo kwa hiari yake. Aingie kwa utaratibu wa hifadhi na afuate neno la mlinzi. Lakini mchezo una aina ambayo haihitaji kopo kabisa: mtu huongozwa mpaka mahali penye habari ya ardhi, akaulizwa maswali ambayo jibu lake hulipata kwa kutazama tu. Pugu, palipo na ule udongo mweupe wa kaolini na mapango yaliyochimbwa na watu, yakarithiwa na popo, ni mahali pa maswali kama hayo. Na iko aina nyingine niipendayo zaidi, ambayo tarakimu hazitolewi bure bali hufumbwa, na watu ambao watoto wao wamekua kwa “Kitendawili!” na “Tega!” hawana haja ya kufundishwa kufumba. Tarakimu ya kwanza iwe ni jibu la kitendawili, ya pili iwe idadi ya madirisha ya msikiti au mapipa ya dukani, na atakayeshindwa atoe mji kama ada ilivyo.

Familia ikizoea, mzazi, wala si mtoto, aweza kujiandikisha katika daftari la dunia, ambalo mlango wake wa mwanzo hauna ada, na kuomba kificho chao kiingizwe. Huko kuna wakaguzi wa kujitolea na kanuni zao: kificho kiwe umbali wa mita 161 angalau kutoka kingine, kiwe na ruhusa ya mwenye ardhi, na mwenye kukiweka awe mtu awezaye kukifikia mara kwa mara kukitunza. Kanuni hii ya mwisho ndiyo niliyoiandikia makala haya. Mtalii apitaye siku tatu haruhusiwi kuacha kopo na kwenda zake, kwa sababu kuficha ni kazi ya siku moja na kutunza ni kazi ya miaka; basi ramani ya Sofu, ya Visiga, ya Kisarawe, haitajazwa na mtu wa Seattle wala wa Hamburg. Kutafuta ni furaha ya mtoto ye yote. Kuwa na amana ya kopo, kulikagua baada ya mvua, kubadili kijitabu kilicholowa, kumsalimu bibi mwenye mkorosho kila mwezi hata kama hakuna mtu aliyelifikia, hiyo ni daraja nyingine, na kwa maoni yangu ndiyo daraja ya juu, ingawa watoto wangu bado hawajakubali.

Kopo letu liko pale mpaka leo, nalo lina majina manane, moja la yule bibi mwenyewe, aliyeliandika kwa herufi za Kiarabu. Masika huanza Machi. Kabla ya hapo litatolewa, lianikwe, na penseli ichongwe upya.